Hukumu ya Masikio

Kila mwezi wa Juni kilima cha Bujora, kilichoko Kisesa, kiasi cha kilometa 20 mashariki ya mji wa Mwanza katika njia iendayo Musoma, hufurika watu. Siku hizo ni siku za Bulabo. Neno hilo katika Kisukuma lina maana ya maua, na sikukuu yenyewe ilichipuka katika sherehe ya Wakatoliki ya Mwili na Damu ya Kristo. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, mahasimu wa miaka mingi, hukutana uwanjani kushindana. Kwa desturi yao ya asili chama kimoja hakingoji kingine kimalize. Vyote viwili hupiga na kucheza wakati mmoja, hiki upande huu na hiki upande ule, na mwamuzi ni umati wenyewe. Avutwaye na upande mmoja huuendea, achoshwaye huhama. Miguu ya watazamaji ndiyo kura. Hapana Msukuma mwenye akili zake awezaye kusimama kesho yake akatangaza kwamba Bagalu wameshindwa, hali siku ya mashindano alikuwa amelala kwake. Angeulizwa neno moja tu: Uliona kwa macho yako?

Neno hilo moja ni nadra kuulizwa katika shauri jingine ambalo siku hizi huwakalisha watu barazani na kuwainua kwa hasira. Shauri lenyewe ni la michezo ya mapenzi ya televisheni itokayo Thailand, Japani, Korea, China, Taiwan na Ufilipino, ambayo wapendanao wake wawili ni wanaume. Michezo hiyo huingia nyumbani kwa simu ya mkononi kuliko kwa kituo cha televisheni, nayo hutazamwa kimya kimya, usiku, kwa sauti ndogo. Mchana watu wawili huizungumza kwa sauti kubwa. Wa kwanza huilaani, na hakuiona. Wa pili huisifu kuwa ni nuru ya ulimwengu mpya, na mara nyingi aliona vipande vyake tu. Kati ya wawili hao hukaa mtazamaji, ambaye ameiona yote toka mwanzo hata mwisho, naye hunyamaza. Hoja itetewayo hapa ni kwamba huyu anyamazaye ndiye shahidi wa pekee, na kwamba shauri linalokatwa bila ya ushahidi wake ni dhuluma, liwe limekatwa kwa laana au kwa sifa.

Bujora yenyewe inajua vizuri ubaya wa hukumu ya masikio. Wamisionari wengi wa zamani waliokuja Usukumani walisikia mlio wa ngoma kwa mbali, wakasema ni ushenzi, wakawakataza waongofu wao kuichezea. Katika miaka ya 1950 padre mmoja mzaliwa wa Kanada, David Clement, wa shirika la Mapadre Weupe, alifanya jambo ambalo lilikuwa jepesi kulitaja na zito kulitenda: alikwenda kutazama. Alijifunza nyimbo, akauliza maana ya ngoma, akajua kipi ni sala, kipi ni mchezo na kipi ni kazi ya jembe iliyotiwa mdundo. Mwisho wake ngoma iliyokuwa ikifukuzwa iliingia kanisani, na vigoda na ngoma za watemi zikapata nyumba ya kuhifadhiwa, ambayo leo ni makumbusho ya Wasukuma. Si kwamba padre alikubali kila alichokiona. Lakini alilolikataa alilikataa kwa kulijua, na alilolipokea alilipokea kwa kulijua. Kama angaliridhika na alivyosimuliwa, kilima kile leo kingekuwa na majani matupu.

Basi na ielezwe michezo hii ni kitu gani, kwa kuwa wengi wanaoipigia kelele hawajui hata asili yake. Haikuanzia katika nia ya kuasi dini wala serikali. Ilianzia Japani katika vitabu vya hadithi za picha vilivyochorwa na wanawake kwa ajili ya kusomwa na wasichana. Hagio Moto alitoa hadithi ya namna hiyo mwaka 1974. Takemiya Keiko akaanza yake, iliyopata sifa kubwa, mwaka 1976. Miaka 40 hivi baadaye Thailand iliufanya uzao huo kuwa biashara ya televisheni: Love Sick ilionyeshwa mwaka 1014 ukiongeza elfu moja, yaani 2014, SOTUS, habari za wanafunzi wa uhandisi, mwaka 2016, na 2gether mwaka 2020, wakati ambapo maradhi ya korona yaliwafungia watu majumbani mwao. Katika mwaka huo huo Japani ilitoa Cherry Magic, hadithi ya karani mpole ambaye, alipotimiza miaka 30, alipata uwezo wa kusikia mawazo ya kila amgusaye, akasikia kwamba mwenzake wa ofisini anampenda. Korea ilifuata na Semantic Error mwaka 2022.

Mlaani akikaa kuitazama hadithi ya yule karani, huku ametega macho kuona aibu, atangoja sana. Ataona watu wawili wakipanda lifti, wakila, wakiona haya, wakiogopa kusema. Ipo pia michezo ya namna nyingine: KinnPorsche ya mwaka 2022 ina bunduki, damu na vitanda, na mzazi anayo haki ya kuifunga mbele ya mtoto, kama alivyo na haki ya kuifunga filamu yoyote ya bunduki, damu na vitanda wapendanao wake wakiwa mume na mke. Haki hiyo hapana aipingaye. Lakini ili kujua ipi ifungwe na ipi iachwe ni lazima kutazama. Masikio hayawezi kuitenga moja na nyingine.

Sasa ni zamu ya mtazamaji. Yeye mara nyingi ni mwanamke, kama walivyokuwa wanawake walioziandika na kuzisoma hadithi za kwanza. Tuseme ni msichana wa Kisesa, aliyezaliwa katika nchi ambapo posa huhesabiwa kwa ng'ombe. Tangu utoto amesikia mapenzi yakizungumzwa pamoja na idadi ya mifugo, na pamoja na swali la nani atapika, nani atachota maji, nani atanyamaza mwenzake akisema. Katika kila mchezo wa mume na mke aliopata kuutazama, wa Kihindi, wa Kituruki au wa Kiswahili, jicho lake huenda kwa mwanamke, na moyo wake hupima: huyu ametolewa ngapi, atapigwa lini, ataachwa lini? Katika mchezo wa wanaume wawili mizani hiyo hukosa cha kupima. Hakuna aliyenunuliwa, hakuna aliyezaliwa ili kutii. Kwa saa moja anaweza kuyatazama mapenzi yenyewe yasiyo na kamba shingoni. Mlaani hudhani kwamba msichana huyu anatazama wanaume. Kumbe anatazama usawa, ambao hajauona katika michezo mingine, wala pengine katika nyumba ya jirani. Aibu iliyopo hapa si ya msichana. Ni ya michezo ile mingine na ya nyumba ile ya jirani.

Mlaani ana hoja mbili ambazo huzishika kama fimbo. Ya kwanza ni kwamba jambo hili ni geni, limeletwa kwa picha, na pasingekuwapo picha lisingekuwapo. Hoja hii haina miguu. Neno hanithi limo katika kamusi za Kiswahili zilizotungwa kabla hapajawa na televisheni mahali popote duniani, na lugha haitungi neno kwa kitu kisichokuwapo. Tena, kama ugeni ni kosa, mshtakiwa wa kwanza ni sheria yenyewe. Kabla ya mwaka 1930 Tanganyika ilihukumiwa kwa kanuni ya adhabu ya India, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1860. Katika mwaka 1930 ikapata kanuni yake, iliyotungwa na Waingereza wale wale. Mizizi ya kifungu cha 154 cha leo imo humo. India yenyewe, kwa hukumu ya mahakama yake kuu ya tarehe 6 Septemba 2018, iliacha kuwaadhibu watu wazima waliokubaliana. Na mahindi je, na pamba ya Usukuma, na misa ya Jumapili? Vyote vilivuka bahari. Hapana Msukuma aliyekataa ugali kwa sababu mbegu ya mahindi ilitoka Amerika. Kitu hupimwa kwa wema na ubaya wake, si kwa bandari kiliposhukia.

Hoja ya pili ni kwamba picha huharibu vijana. Hii ina uzito zaidi, kwa kuwa picha kweli hufundisha: hufundisha mavazi, nywele, matusi na namna ya kubembeleza. Lakini miaka mingi vijana wa Mwanza wamejaza vibanda vya video kutazama mabingwa wa Hong Kong wakivunja shingo za watu, na kazi ya kuvunja shingo haikuwa desturi ya Mwanza. Mwanadamu si karatasi tupu inayopokea kila muhuri. Ajuaye kwamba anapenda wanawake hatageuzwa na vipindi 12 vya makarani wa Tokyo, na asiyewapenda hakungoja vipindi hivyo ili ajijue.

Hapo ndipo maneno ya barazani huacha kuwa maneno tu. Sheria ya Tanzania katika kifungu hicho cha 154 huweka kifungo cha maisha, na kwa hali yoyote kisichopungua miaka 30. Mwezi wa Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka watu wa namna hiyo na akawataka wananchi walete majina. Siku chache baadaye serikali, kwa kinywa cha Wizara ya Mambo ya Nje, ilisema kwamba hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe wala si msimamo wa serikali. Lakini kwa siku zile chache jirani alipewa ruhusa ya kumtaja jirani. Jina huletwa kwa ushahidi gani? Kwa sauti ya mtu, kwa mwendo wake, kwa mchezo alioonekana akiutazama katika simu. Hukumu ya masikio, iliyoanza kwa kuilaani hadithi, huishia kumlaani mtu mwenye mama na anwani. Adhabu ya miaka 30 si jambo la kusogezwa karibu na mtu kwa tetesi.

Wapo wadhanio kwamba suluhu ni kuitia michezo hiyo Kiswahili kwa namna ambayo wapendanao watakuwa marafiki au ndugu. Tanzania ina ufundi mkubwa katika kazi hii. Msimulizi Lufufu alijipatia jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza utani na maelezo hata filamu ikawa kama imezaliwa upya. Na tangu mchezo wa Kichina wa Doudou na wakwe zake ulipoonyeshwa kwa Kiswahili mwaka 2011, kutia sauti michezo ya Asia kumekuwa kazi ya kudumu. Ufundi huu ni fahari ya lugha. Lakini fundi wa maneno aweza kuwa fundi wa uongo. Huko Marekani, mwaka 1995, katuni ya Kijapani ya Sailor Moon ilipotiwa Kiingereza, mmoja wa wanaume wawili waliopendana alipewa sauti ya mwanamke, akaitwa mwanamke, na shauri likaisha. Michoro haikubadilika hata mstari mmoja. Watoto waliambiwa wasiamini macho yao.

China ilikwenda mbali zaidi. Kwa kanuni za mwaka 2016 mapenzi ya namna hiyo yalikatazwa katika televisheni. Watengenezaji hawakuacha kuvitafuta vitabu vya mapenzi hayo. Walivichukua, wakafuta neno mapenzi. The Untamed ya mwaka 2019 ilitokana na kitabu ambamo mashujaa wawili ni wapenzi dhahiri. Katika picha ni wandani wa roho tu, wenye kutazamana mno. Word of Honor ya mwaka 2021 ilifuata njia hiyo hiyo. Matokeo yake yanachekesha na kuhuzunisha. Mzazi mkali, ambaye angeizima simu kama angeambiwa ukweli, hukaa akitokwa na machozi kwa urafiki wa wale wawili, akawaambia wanawe: Tazameni uaminifu! Machozi yake ni ya kweli. Kitu alichokililia kimefichwa asikijue. Ameguswa na kile kile anachokilaani. Je, si haki yake kuambiwa, ili aidha aizime simu, aidha aipime upya laana yake? Mfasiri aliyemficha hakumlinda, amemfanya mtoto. Naye msichana wa Kisesa ameibiwa, kwa kuwa ule usawa alioutafuta umeitwa kwa jina jingine. Uongo wa mfasiri humnyima mlaani sababu yake na humnyima mpenzi raha yake, na ni mfasiri peke yake aondokaye na ujira.

Hata hivyo msifuji naye asijione amepona. Yeye pia huhukumu kwa masikio. Husema michezo hii ni bendera ya uhuru, hali sehemu kubwa ni bidhaa. Katika mashindano ya ngoma za Wasukuma viongozi hutumia dawa ya mvuto iitwayo samba ili umati uwaelekee. Makampuni ya Bangkok yana samba yao: waigizaji wawili huunganishwa kama mapacha, hupelekwa pamoja katika matamasha na matangazo ya biashara, hutabasamiana mbele ya wanunuzi, na mashabiki huuziwa tumaini kwamba mapenzi ya picha ni mapenzi ya kweli. Usawa wenyewe, ambao msichana wa Kisesa aliutafuta, mara nyingi huvuja. Mmoja hufanywa mkubwa, mrefu, mwenye kufukuzia. Mwingine mdogo, mwenye kukimbia na kulia. Na mashabiki wa Thailand humwita huyu wa pili kwa neno lao la mke. Kamba iliyotolewa shingoni kwa mwanamke imefungwa shingoni kwa mwingine. Na wanawake wenyewe katika michezo hii ni nani? Ama mchumba mwenye wivu, ama rafiki mwenye kuwapatanisha wapenzi na kwenda zake. Hadithi iliyozaliwa na wanawake haikuwatengea wanawake kiti.

Tena michezo hii hunyamaza juu ya mambo mazito. Chuo chake hakina karo, nyumba yake haina njaa, mji wake hauna polisi. Thailand iliuza picha za wapenzi hao dunia nzima kwa miaka kumi, na ndoa yao ikatambuliwa na sheria ya nchi tarehe 23 Januari 2025 tu. Kwa miaka hiyo yote pepo ilikuwa katika picha, na nje ya picha wenyewe walikuwa wageni mbele ya msajili wa ndoa. Msifuji asiyelisema hili huwatendea watu hao ubaya, kwa kuwa huwapenda wakiwa wameoga, wamevaa vizuri na wako mbali.

Umbali huo ndio unaofichua unafiki wa pande zote mbili. Mwaka 2020 mtengenezaji filamu wa Kenya, Peter Murimi, alitoa filamu ya maisha halisi iitwayo I Am Samuel, aliyoipiga kwa muda wa miaka mitano. Hakuna waigizaji ndani yake. Yumo kijana aliyetoka shamba kwenda Nairobi kutafuta kazi, yumo mpenzi wake, na wamo wazazi wa kijijini, baba akiwa mhubiri, wanaongoja mtoto wao aoe. Kila Mwafrika wa Mashariki anaijua nyumba ile: ua wake, salamu zake, ukimya wa baba mezani. Mwezi wa Septemba 2021 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Miaka mitatu kabla yake Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku vile vile, na mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu. Hivyo hadithi tamu ya kubuni, isiyo na baba wala shamba, hupita simuni bila ya kupigwa hodi. Hadithi ya kweli ya mtoto wa hapa hufungiwa mlango. Mlaani amefaulu kumnyamazisha mwanawe, na msifuji ameridhika na wana wa wengine. Ambaye hakuonekana na yeyote ni yule mhubiri wa kijijini, ambaye labda ndiye aliyekuwa na neno la kumfaa mzazi wa Kisesa kuliko makarani wote wa Tokyo.

Dawa haimo katika kulazimisha watu wapende. Bagika hawalazimishi mtu kuupenda upande wao, na Bagalu vivyo hivyo. Dawa imo katika sheria tatu za uwanja, ambazo Wasukuma hawakungoja kufundishwa. Mchezaji acheze mchezo wake wazi, asijifiche nyuma ya jina jingine. Hii ni sheria kwa mfasiri. Mwamuzi afike uwanjani kabla ya kuamua. Hii ni sheria kwa mlaani na msifuji. Na mtazamaji asiogope kuonekana amesimama upande gani. Hii ndiyo ngumu, kwa kuwa uwanjani Bujora asimamaye upande ulioshindwa hurudi kwake akila muwa, lakini katika shauri hili aweza kupelekewa jina lake kituoni. Mpaka hofu hiyo iondoke msichana wa Kisesa ataendelea kutazama usiku kwa sauti ndogo, na mchana, wazee wakizungumza habari asizoziona, ataendelea kuwamiminia chai na kunyamaza, ilhali katika baraza zima ni yeye peke yake ajuaye wanachokisema.